Neno la Mhariri: Kifafa Mbele ya Sheria

Unyanyapaa wa kifafa ukitajwa, lawama huwa tunazipeleka kijijini. Tunamsema bibi anayewakataza wajukuu kumgusa aliyeanguka, eti povu lake linaambukiza. Na kweli hofu hiyo ina madhara: mtu anaangukia mafigani, waliopo wanangoja atulie, mkono unaungua hadi vidole vinagandana. Daktari Louise Jilek-Aall, Mnorwe aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, hapa Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliyakuta makovu ya namna hiyo. Aliwatibu wagonjwa kwa fenobabitali, dawa iliyotumika tangu 1912, na wengi wakapata nafuu.

Dawa hiyo ingalipo, tena ya bei nafuu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Ila fenobabitali humezwa kila siku, miaka nenda miaka rudi, na ukiikatisha ghafla kifafa hurudi kwa kishindo. Sasa mfikirie bi harusi mpya. Vidonge amevihamishia kwenye kichupa cha vitamini. Wifi akiingia chumbani, anavifunika kwa kanga. Wakienda kukaa ukweni juma zima, anaviacha nyumbani, na siku ya nne anaanguka mbele ya mama mkwe. Hapo ndipo utakaposikia kwamba dawa za hospitali haziwezi kifafa.

Binti huyu si mjinga. Anajua washenga waliwauliza nini majirani walipokuwa wakiuchunguza ukoo wao. Na swali hilo halikuishia kwa washenga, lilifika bungeni. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 39, inaruhusu ndoa ibatilishwe ikiwa mmoja wa wanandoa, siku ya kuoana, alikuwa akipatwa mara kwa mara na wazimu au kifafa. Mwaka huohuo Waingereza, ambao sheria zao tulizirithi kwa wingi, walikiondoa kifafa katika sababu zao za kubatilisha ndoa. Sisi tukakiandika.

Wapo watakaosema kifungu kinamlinda aliyefichwa. Mbona basi selimundu, ambayo mtoto huirithi kwa wazazi wote wawili, haimo? Kisukari nacho hakimo. Kifafa, ambacho kwetu mara nyingi huanzia kwenye malaria iliyompanda mtoto kichwani, uchungu wa uzazi uliokawia, minyoo ya nguruwe au ajali ya bodaboda, ndicho kilichowekwa kapu moja na wazimu.

Madaktari walioandika katika toleo hili wanadai dawa zisikosekane zahanati, nami naungana nao. Lakini ombi langu la kwanza haliendi Wizara ya Afya. Linakwenda kwa wanaoandika miswada: neno “kifafa” lifutwe katika kifungu hicho. Na tukijibiwa kwamba kifungu chenyewe hakitumiki sana, basi kulifuta neno hilo hakutamgharimu mtu.