Waya ao bila waya? Mutuletee waya kwanza!



Kwenye parseli yetu hapa Bukavu tumebishana wiki nzima: rezo ya nyumba ipite kwenye kable ao tubaki na wifi? Mimi mtoto wa Shabunda, nimemaliza lisansi, kazi sina. Mahojiano mawili ya kazi kwa video yalinikatikia mdomoni. Kwangu hii haiko mchezo.

Tuseme ukweli. Wifi ni ya simu, juu simu inatembea. Lakini ikigonga mabati ao ukuta wa matofali, inachoka. Tena majirani wote wako hewani pamoja, kila mmoja anafunika sauti ya mwenzake. Kable haigombani na mtu. Kable ya kawaida inafika metre 100, inatosha kutoka modemu ya nyumba ya mbele mpaka chumba cha nyuma, na unainunua mara moja tu. Kompyuta ikae kwenye kable, simu zibaki kwa wifi. Basi, sisi tumechagua.

Na Shabunda, wao wanachagua nini?

Shabunda njo teritware kubwa kuliko zote za Kivu ya Kusini. Dhahabu inatoka kule, kasiterite inatoka kule. Barabara ya Bukavu imekufa miaka mingi, mizigo inapanda ndege. Tangu 2013 nchi yetu imeunganishwa na waya wa bahari kule Muanda. Lakini mama yangu akitaka kunisikia, anatembea kutafuta mahali rezo inashika.

Watatuambia: «Ninyi mutumie bila waya.» Uongo! Hakuna antena inayojilisha yenyewe. Lazima iunganishwe na waya, na antena nyingine, ao na satelite. «Bila waya» maana yake waya uliishia kwa mtu mwingine.

Kulipa, hapo tulikuwa sawa. Kati ya 2020 na 2022, RAM ilikata unite zetu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa 3G na 4G. Mama wa Shabunda alikatwa sawa na mkubwa wa Gombe. Tulipiga kelele mpaka RAM ikaondolewa. Pesa ilijenga nini Shabunda?

Kuko pia sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020. Inataja mfuko wa kupeleka mawasiliano kule kampuni haziendi kwa hiari. Shabunda njo kule!

Kwa hiyo tunadai:

1. Hesabu ya RAM na ya ule mfuko itangazwe mbele ya raia.
2. Siku barabara ya Shabunda itatengenezwa, waya uzikwe pembeni yake siku ileile, tusichimbe mara mbili.
3. Wabunge tuliowachagua Shabunda waulize hayo bungeni, kwa sauti.

Nawe kijana wa mjini, vuta kable yako, hakuna ubaya. Lakini ukishaichomeka, andika, sambaza, dai ya Shabunda pia.

Hatutanyamaza.