Aibu ya 90-4 si ya wachezaji

Machi 1, 2025, kwenye uwanja wa Allegiant jijini Las Vegas, wanawake wa Australia waliifumua England 90-4 katika raga ya wachezaji 13. Tangu siku hiyo kuna hoja inayorudiwarudiwa: kosa lilikuwa kuupanga mchezo wenyewe, England wangeachwa wakomae kwanza ndipo wapewe jukwaa kubwa kama lile. Hoja hiyo ni potofu, tena inamwadhibu asiye na hatia. Waliopaswa kujieleza baada ya kipigo kile ni wanaouendesha mchezo huo England, si wanawake waliovaa jezi.

Utetezi wa viongozi hao unafahamika. Ligi ya wanawake England haiingizi fedha za kutosha, mechi ya upande mmoja inawachosha watazamaji, na Australia ina hazina kubwa zaidi ya wachezaji. Yote hayo yana chembe ya ukweli, lakini hayaelezi kilichotokea.

Mwaka 1996 wanawake wa Uingereza walikwenda Australia, wakacheza mechi tatu za kimataifa na wenyeji wao, wakashinda mbili. Siku hizo raga haikuwa ajira ya mwanamke, upande huu wala ule. Watatu wa kizazi hicho, Brenda Dobek, Lisa McIntosh na Sally Milburn, waliingizwa mwaka 2022 katika orodha ya magwiji wa mchezo huo Uingereza, wakiwa wanawake wa kwanza kupewa heshima hiyo. Hazina ya vipaji ya Australia haikuwazuia. Kilichobadilika tangu wakati huo ni nani analipwa ili afanye mazoezi, na nani anayafanya akishatoka kazini.

Tofauti hiyo inaonekana uwanjani kwa macho. Timu yenye mpira huangushwa hadi mara sita kabla ya kuuachia. Kila mwenye mpira anapoangushwa, walinzi lazima warudi nyuma mita 10, kisha wachomoke tena kumkabili mwingine anayekuja kwa kasi. Mlinzi anaangusha mtu, anajinyanyua, anarudi kinyumenyume, anachomoka, anaangusha tena. Akichelewa kidogo tu kufika kwenye mstari, pengo limefunguka na trai imefungwa. Uwezo wa kulifanya hilo hadi dakika za mwisho hautokani na uzalendo. Hujengwa kwa mazoezi ya mchana, lishe, tiba ya misuli na usingizi wa kutosha. Mwanamke anayeanza mazoezi usiku baada ya kazi, na alfajiri anarudi kazini, ataujenga saa ngapi?

Australia wameulipia muda huo. Makubaliano ya mwaka 2023 kwa wachezaji wa ligi yao, NRLW, yaliweka kima cha chini cha dola 30,000 za Australia kwa mwaka, kitakachopanda hadi kupita 50,000 ifikapo 2027, pamoja na likizo ya uzazi yenye malipo. Mwaka huohuo, klabu mbili za England, Leeds Rhinos na York Valkyrie, zilisifiwa kwa kuwa za kwanza kuwalipa wanawake chochote. Malipo hayo hayakumwezesha mtu kuacha kazi.

Mtazame Georgia Roche. Mwaka 2018, akiwa na miaka 17 na jezi ya klabu ya Castleford, alikuwa wa kwanza kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya wanawake England. Akahamia Leeds, iliyotwaa ubingwa mwaka 2022. Mwaka uliofuata akaenda Newcastle Knights ya Australia, na msimu huohuo klabu hiyo ikaifunga Gold Coast Titans 24-18 katika fainali. Hollie-Mae Dodd wa York naye akachukuliwa na Canberra Raiders. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini England imewafundisha mabinti zake kwamba anayetaka kutunzwa ahame.

Kwa hiyo ninapoambiwa wanawake hawa wasubiri hadi wawe tayari, subira inaniishia. Tayari kwa mshahara gani? Kwa mazoezi ya saa ngapi? Hakuna timu iliyowahi kukomaa kwa kufichwa. Anayewanyima nyenzo, kisha akautumia unyonge wao kama sababu ya kuwanyima uwanja, anawadhulumu mara mbili, na asiruhusiwe kujiita mlinzi wa heshima yao.

Kombe la Dunia la 2026 limepangwa kufanyika Australia. Kama fedha haziwezi kuifikia ligi nzima, zianze na kikosi cha taifa: mikataba ya mwaka mzima, mazoezi ya mchana, na mechi nyingi zaidi dhidi ya wakali, Australia wakiwamo. Hayo yakifanyika, tutakuwa na haki ya kuwapima wachezaji kwa matokeo. Yasipofanyika, kila alama watakayofungwa iandikwe kwa jina la viongozi.