Punda wa Upare na Kambi za Msituni
Anayetaka kupiga kambi katika milima ya Upare wa Kusini, wilayani Same, iliko kata ya Mhezi na kilele cha Shengena chenye mita 2,462, hana budi kufahamu kwa nini farasi, anayebeba mizigo ya wapanda milima wa Marekani, hakustawi huku. Sababu kubwa ni maradhi, hasa nagana, yaani ugonjwa wa vimelea vya damu vinavyoenezwa na mbung'o, na homa ya farasi ya Afrika, inayoletwa na usubi, wadudu wadogo mno wanaouma zaidi usiku. Na jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts, lililopita kando ya milima hii mwaka 1916 likiwafuata Wajerumani, lilipoteza farasi kwa wingi kwa maradhi hayo katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Punda, mzaliwa wa Afrika, huyastahimili maradhi hayo vizuri zaidi, lakini ustahimilivu huo umekuwa kisingizio cha kumtesa: shogi, yaani mfuko wa pande mbili unaolazwa mgongoni, likikosa kitambaa kinene chini yake na upande mmoja ukauzidi mwingine, kamba huchimba ngozi ya bega mpaka nyama ikaonekana, na kidonda hicho hakiponi maadamu mzigo unarudishwa kila asubuhi. Waandaaji wa kambi na wapime mizigo kwa mizani, wamwache punda nje ya msitu wa hifadhi asije akala miche, na kwa kipande cha njia kilichobaki wawalipe wachukuzi wa vijijini ujira wa haki.