Eti vitabu vya kina dada!

Jamani, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Wiki iliyopita nilikuwa nimejiinamia kwenye meza yangu kazini, nasoma. Kaka mmoja, mwandishi mwenzangu ninayemheshimu sana, akapita, akachungulia jalada, akacheka. "Dada, mtu mzima bado unasoma mambo ya wanyonya damu? Hivyo si vitabu vya kina dada?" Akaenda zake kunywa chai.

Kaka yangu, leo nakujibu.

Kitabu chenyewe kinaitwa Fledgling, cha Octavia Butler, Mmarekani mweusi. Kilitoka mwaka 2005, miezi michache kabla hajafariki. Shori ana sura ya mtoto wa miaka kumi hivi, kumbe ana 53. Ananyonya damu, ndiyo. Lakini ni mweusi, na weusi huo ndio unaomsaidia kuhimili jua ambalo wenzake hawaliwezi. Ungedhani watamshangilia. Wapi! Wapo wenzake wanaoteketeza familia yake, kwa sababu hawataki damu yao ichanganyike na ya binadamu, tena mweusi. Hayo ndiyo mambo ya kina dada?

Au chukua Kindred, cha mwaka 1979, cha mama huyohuyo. Dana anaishi California mwaka 1976. Ghafla anavutwa na nguvu asiyoielewa hadi Maryland ya karne ya 19, enzi za utumwa, kumwokoa Rufus, mtoto wa mwenye shamba. Hawezi kumwacha afe, maana Rufus ni babu yake wa kale. Ili Dana azaliwe, lazima Rufus aishi, akue, amnajisi mwanamke mweusi, azae naye. Nimesoma historia ya utumwa shuleni, nikajibu mtihani, nikafaulu. Lakini kitabu hiki ndicho kilichoninyima usingizi.

Tuje kwa Nnedi Okorafor, mwenye asili ya Nigeria. Who Fears Death (2010) kina uchawi mwanzo mwisho, lakini kimejengwa juu ya ubakaji uliotumika kama silaha ya vita Darfur. Mwaka 2011 kikashinda World Fantasy Award. Na tuzo yenyewe ilikuwa nini? Sanamu ya kichwa cha H.P. Lovecraft, mwandishi aliyewahi kutunga shairi la kututukana sisi weusi! Dada wa watu apeleke kichwa hicho sebuleni kwake. Alilisema hadharani, wengine wakapaza sauti, na mwaka 2015 ikatangazwa kwamba sanamu hiyo inaachwa.

Sasa mnaona kwa nini nasema hizi si hadithi za kukimbia dunia?

Dharau hii haikuanza na kaka yangu wa chai. Alice Norton alibadilisha jina kisheria mwaka 1934 akawa Andre, jina la kiume. Ursula Le Guin, aliyeandika A Wizard of Earthsea (1968), alipopeleka hadithi Playboy iliyotoka mwaka 1969, waliomba jina liwe U.K. tu, wasomaji wasijue ni mwanamke. Mwaka 1997 Joanne Rowling naye akawa J.K., eti watoto wa kiume wasije wakakikimbia kitabu. Yaani karibu miaka thelathini baadaye, wimbo uleule! Mnawasoma, mnawapenda, mradi msijue ni wanawake.

Ndiyo, takataka zipo. Zipo hadithi za mrembo na mnyonya damu ambazo nimezifunga ukurasa wa ishirini. Lakini riwaya mbovu za kijasusi zilizoandikwa na wanaume nazo zimejaa, na sijasikia mtu akiziita vitabu vya kina kaka. Zinaitwa vitabu vibaya, basi. Nasi tupeni haki hiyohiyo: mwanamke akiandika vibaya, kosa liwe lake, lisiwe la wanawake wote. N.K. Jemisin alichukua tuzo ya Hugo ya riwaya bora mwaka 2016, 2017 na 2018, mfululizo, jambo ambalo hakuna mwanaume aliyekuwa amelifanya kabla yake. Mnataka ushahidi gani tena?

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Wengi wetu, mtu wa kwanza kutuambia "Paukwa!" tukajibu "Pakawa!" alikuwa bibi. Mazimwi, majini, mizimu, vyote tulivipata kwake. Shuleni tukaambiwa hiyo ni fasihi simulizi, tukatungiwa na mitihani. Sasa mjukuu wake akishika kalamu, akaandika mizimu ileile, tunasema ni utoto?

Kaka, Kindred ninacho. Nitakuwekea mezani kwako Jumatatu. Ukikimaliza, njoo unichekee tena.

Naomba kutoa hoja.