Mizani ya Mwanachuoni

Msomaji, ukiambiwa kuwa mwanachuoni fulani ni mkubwa kwa sababu kazi zake zimetajwa na wenziwe mara elfu, usikubali upesi. Uliza kwanza: zimetajwa kwa lipi?

Mwaka 1955 Erving Goffman, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyezaliwa Kanada, aliingia St. Elizabeths, hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Washington, Marekani, iliyokuwa na wagonjwa zaidi ya 7,000. Alishinda kati yao karibu mwaka mzima, akaona jinsi mtu anavyovuliwa vitu vyake, faragha yake na hiari yake. Mwaka 1961 alitoa kitabu, Asylums, ambacho hata leo hutajwa sana na wachunguzi wa maradhi ya akili.

Sasa tazama mizani ya siku hizi. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alibuni kipimo: mwenye kazi 20, kila moja imetajwa si chini ya mara 20, hupata alama 20. Kwa kipimo hicho kitabu kile, kijapotajwa mara 10,000, hakiwezi kuongeza zaidi ya alama moja. Tena kazi inayotajwa ili ipingwe huhesabiwa sawa na inayotajwa ili isifiwe. Je, hiyo ni haki?

Hesabu na iwe shahidi, isiwe hakimu. Usione vyaelea, vimeundwa. Kabla hujahesabu walioitaja kazi, isome mwenyewe, kisha uulize imemtetea mgonjwa gani.