Mionzi Baada ya Upasuaji: Si Amri ya Mume Wala Uvumi wa Kambi

Yapo maradhi ambayo sisi askari huyazungumza hadharani bila haya: malaria, jeraha la risasi, mguu uliovunjika milimani. Na yapo mengine ambayo yakitajwa tu, kila mtu hutazama chini. Saratani ya mfuko wa uzazi ni mojawapo. Lakini maradhi haya huwapata mama zetu, wake zetu na dada zetu, na askari wenzetu wa kike pia, na kwa hiyo twaona ya kuwa kuyanyamazia si heshima bali ni uzembe. Leo tunakusudia kuzungumza jambo moja tu: mgonjwa akisha kupasuliwa na kutolewa mfuko wa uzazi, je, apigwe mionzi au asipigwe?

Jambo hili lilitufikia tukiwa Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe. Koplo mmoja, ambaye hatutamtaja jina, alitujia jioni akiwa na simu mkononi. Mama yake, mkulima wa kahawa mwenye umri wa miaka sitini na minne, alikuwa amepasuliwa mwezi mmoja uliopita katika hospitali moja ya huku magharibi, akaambiwa kwamba huenda akahitaji kwenda Kampala kwa mionzi. Jamaa wakagawanyika. Shangazi alisema mionzi humkausha mtu ndani kwa ndani. Kaka mkubwa alisema kama upasuaji umefaulu, mionzi ni ya nini? Koplo mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwenye mshahara, alikuwa tayari kutoa amri kwa simu: mama aende, na mbuzi wauzwe.

Tulimwuliza maswali mawili. La kwanza, ripoti ya maabara inasemaje? Hakujua kuwa ipo ripoti. La pili, mama mwenyewe anasemaje? Akanyamaza.

Twasema wazi kwamba koplo huyu hakuwa mwana mbaya. Alikuwa akifanya kile ambacho wengi wetu hufanya, yaani kuamua kwanza na kuuliza baadaye. Katika chuo cha kadeti tulifundishwa kinyume chake. Kamanda hatoi amri kabla ya kuitathmini hali: adui yuko wapi na ana nguvu gani, silaha zilizopo ni zipi na zina madhara gani, ardhi ikoje, na muda uliobaki ni kiasi gani. Basi tulitumie somo hilo hapa.

Tuanze na adui. Saratani tunayoizungumza huanza katika utando wa ndani wa mfuko wa uzazi. Isichanganywe na saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayosikika zaidi nchini Uganda. Huwapata hasa wanawake waliokwisha kukoma hedhi, na dalili yake kubwa ni kutokwa damu baada ya hedhi kukoma. Matibabu yake ya kwanza ni upasuaji, na wagonjwa wengi wanaowahi hupona kwa upasuaji huo. Kile kilichotolewa mwilini hupelekwa maabara, na mtaalamu wa patholojia hukitazama kwa darubini. Yeye ndiye mpelelezi wetu. Ripoti yake hueleza saratani imefika hatua gani, imepenya kwa kina gani katika nyama ya mfuko, seli zake ni za daraja gani la ukali, na kama zimeingia katika mishipa midogo au katika tezi za limfu.

Kutokana na ripoti hiyo wagonjwa hugawanyika katika mafungu matatu. Wale ambao saratani yao ni ya daraja la chini na haikupenya hata nusu ya unene wa nyama, kwa kawaida hawahitaji mionzi. Hubaki chini ya uangalizi tu. Wale ambao saratani imetoka nje ya mfuko, au ni ya aina kali sana, kwa kawaida hushauriwa kupata mionzi, au dawa za kemikali, au vyote viwili. Kati ya mafungu hayo mawili lipo la tatu, na hapo ndipo penye uamuzi mgumu.

Kuhusu fungu hilo la katikati, madaktari wa Uholanzi walifanya utafiti uliotangazwa mwaka 2000. Wanawake wapatao 715 waliokwisha kupasuliwa waligawanywa kwa kura, nusu wakapigwa mionzi ya nyonga na nusu wasipigwe. Baada ya miaka mitano, saratani ilikuwa imerudi katika eneo la nyonga kwa wanawake 4 katika kila 100 waliopigwa mionzi, na 14 katika kila 100 ambao hawakupigwa. Hata hivyo, idadi ya waliokuwa hai katika makundi hayo mawili haikutofautiana kwa namna ya kutiliwa maanani. Sababu mojawapo ni kwamba saratani iliporudi, mara nyingi ilirudi juu ya uke, na wengi wa wale ambao hawakuwa wamepigwa mionzi hapo awali waliweza kutibiwa.

Msomaji na alitafakari jambo hili kwa makini. Kwa mgonjwa wa fungu la katikati, mionzi ya nyonga hupunguza hatari ya saratani kurudi, lakini haikuonyesha kwamba humrefushia maisha. Kwa hiyo asiyeipokea si mjinga, na anayeipokea si mwoga. Hatari ilionekana kuwa kubwa zaidi kwa mwanamke mwenye mambo mawili katika haya matatu: umri uliozidi miaka 60, saratani iliyopenya nusu ya unene wa nyama au zaidi, na seli za daraja la tatu la ukali. Mwanamke wa namna hiyo ana sababu nzito zaidi ya kuikubali tiba.

Sasa tutazame silaha. Mionzi ya nje hupigwa siku tano kwa juma, kwa muda wa majuma matano hivi. Huweza kuleta uchovu, kuharisha na kukojoa mara kwa mara, na katika baadhi ya wanawake matatizo ya matumbo na kibofu hudumu kwa miaka. Ipo pia mionzi ya ndani, iitwayo brakitherapi, ambayo chombo chake huwekwa ndani ya uke kwa muda mfupi kisha hutolewa. Aghalabu huhitaji mara chache tu. Madaktari hao wa Uholanzi walitangaza utafiti wa pili mwaka 2010, uliowahusu wanawake 427 wenye hatari kubwa zaidi katika fungu la katikati. Saratani ilirudi ukeni kwa wanawake wasiofika 2 katika kila 100, iwe wamepata mionzi ya ndani au ya nje. Lakini waliopata ya ndani hawakusumbuliwa sana na matumbo. Tangu hapo mionzi ya ndani imekuwa ikipendekezwa sana kwa wagonjwa wa namna hiyo.

Hapa hatuna budi kuuvunja uvumi mmoja. Watu wa Kasese wanalijua neno kobalti, kwa kuwa mgodi wa shaba wa Kilembe uliacha mabaki yenye madini hayo, na baadaye kiwanda kikajengwa Kasese kuyasafisha. Tumewasikia baadhi yao wakisema kwamba mashine ya mionzi humjaza mgonjwa sumu ya mgodini. Si kweli. Kobalti ya mashine hizo ni kobalti-60, ambayo hutengenezwa katika tanuri la nyuklia na kufungiwa ndani ya mashine. Mgonjwa wa mionzi ya nje harudi nyumbani na mionzi mwilini, wala yule wa mionzi ya ndani akisha kuondolewa chombo. Anaweza kula na jamaa zake na kumpakata mjukuu wake bila kumdhuru.

Ama kuhusu ardhi, askari wa Bwera hahitaji kufundishwa. Kutoka huku hadi Kampala ni safari ya zaidi ya kilomita 400. Majuma matano ya mionzi ni majuma matano ya kulala ugenini, nauli, chakula, na shamba lisilo na mwenyewe. Zaidi ya hayo, mashine nazo huharibika. Mashine ya kobalti iliyofungwa Mulago mwaka 1995 ilikufa mwaka 2016, na ilipokufa taifa zima lilibaki bila mashine ya Serikali, wagonjwa wengine wakapelekwa Nairobi. Mpya ilizinduliwa Januari 2018, kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na baadaye Taasisi ya Saratani ya Uganda ikaongezewa mashine za umeme zisizotumia kobalti. Kwa hiyo mwanamke wa Bwera anayeuliza habari za umbali na gharama hakwepi matibabu. Umbali ni sehemu halali ya hesabu, na daktari yampasa auzingatie anaposhauri.

Jambo la mwisho ni muda, nao hauna huruma. Mionzi ya kinga baada ya upasuaji hutakiwa ianze kidonda kikisha kupona, kwa kawaida katika majuma machache, wala si baada ya nusu mwaka. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Tumeona jamaa zinazobishana mpaka muda ukapita, kisha wakadai kwamba wameamua kutokwenda. Hao hawakuamua neno. Waliamuliwa na kalenda.

Kwa hiyo twawashauri askari wa jeshi na wa polisi mambo haya. Ulizeni ripoti ya patholojia, na isipokuja, ifuateni hospitali mpaka ipatikane. Mwulizeni daktari: mgonjwa wetu yumo katika fungu lipi? Asipopigwa mionzi, hatari ya kurudi ni kiasi gani? Je, mionzi ya ndani yatosha? Kisha mwacheni mwenye mwili aseme. Mume au mtoto na achangie nauli, asindikize na kusikiliza, lakini asitoe amri. Nanyi makamanda, ruhusa ya majuma machache kwa askari mwenye mgonjwa wa namna hii isihesabiwe kuwa hisani. Askari aliyeko lindo huku moyo wake uko wodini ni nusu ya askari.

Ripoti ya mama wa koplo ilipatikana baada ya yeye mwenyewe kwenda kuisimamia. Saratani ilikuwa imepenya zaidi ya nusu, seli ni za daraja la pili, na umri wake umepita sitini. Daktari alishauri mionzi ya ndani. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama atarudi kabla ya kahawa kuiva. Alipojibiwa kwamba atarudi, alisema atakwenda, na kwamba mbuzi wasiuzwe wote. Koplo aliomba ruhusa ya siku kumi, akapewa, akampeleka mwenyewe.

Laiti ripoti ingalisema vingine, na mama akachagua kubaki Bwera chini ya uangalizi wa daktari, tungalimpa koplo shauri lile lile: aupokee uamuzi huo kwa heshima, na kila miadi ya uchunguzi ahakikishe mama amefika.