Swali Lisilouliza Kitu

Kama ningepewa uwezo wa kufuta neno moja katika madarasa yetu, ningefuta "Mmeelewa?" Najua nitawaudhi walimu wenzangu, maana ndilo neno tunalolipenda kupita yote, na mimi mwenyewe nimelitumia kwa miaka mingi.

Nilianza ualimu baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, watoto walipomiminika shuleni kuliko madarasa na walimu waliokuwapo. Mwalimu alisimama mbele ya umati, akaeleza, akauliza "Mmeelewa?" Umati ukaitikia "Ndiyooo, mwalimu!" na somo likafungwa. Dharura ile ikageuka desturi, nasi wakufunzi tukairithisha vyuoni kana kwamba ni utaalamu.

Mwaka mmoja nilikwenda kumkagua mwanachuo wangu katika mazoezi ya kufundisha. Somo lilikuwa sehemu, darasa la tatu. Andalio lake lilikuwa safi, mwandiko ubaoni wa kupendeza, sauti ikifika hadi nyuma. Kila aliposema "Mmeelewa?" darasa zima liliitikia. Nikampa alama ya juu, nikatia sahihi. Wakati wa mapumziko nikamwita mtoto aliyekuwa akila chungwa. "Mwanangu, ukipewa moja ya tatu ya chungwa au moja ya nne, utachukua ipi?" Akajibu bila kusita: "Moja ya nne, mwalimu, kwa sababu nne ni kubwa." Nikawauliza wenzake watatu. Wawili wakasema vivyo hivyo.

Alama ile sikuibadilisha. Niliona haya kumwambia kijana yule kwamba tumeshindwa wote wawili. Aliondoka chuoni na cheti chenye sahihi yangu, akaenda kufundisha vile nilivyomsifu. Ni watoto wangapi wamepita mikononi mwake wakiitikia tu? Hilo ni deni langu.

Wapo wanaomlaumu mtoto: mbona hakusema kwamba hajaelewa? La hasha! Katika malezi yetu, kumwambia mkubwa "sijaelewa" ni sawa na kumwambia kwamba ameeleza vibaya. "Ndiyo" ya mtoto ni heshima. Sisi tukaihesabu kuwa ni maarifa. Tunawafundisha kwamba kuuliza si ujinga, kisha anayeuliza tunamkaripia kuwa hakusikiliza. Akifika sekondari, ambako anafundishwa kwa Kiingereza, anaendelea kuitikia, safari hii hata swali lenyewe halijui. Na tabia hii haiishii shuleni. Bibi akielezwa dawa zake anaitikia vizuri, kisha akifika nyumbani anamwuliza mjukuu vidonge vinamezwaje.

Wengine watasema: darasa lina watoto wengi, muda hautoshi. Nami nauliza, muda wa kufundisha jambo lile lile mara tatu hupatikana wapi? Badala ya "Mmeelewa?" mwambie mtoto mmoja wa nyuma, mmoja wa dirishani na mmoja asiyenyoosha mkono kamwe: "Nielezee kwa maneno yako." Kisha ngoja. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi humpa mwanafunzi kama sekunde 1 tu kabla ya kumkatiza. Walipongoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliokuwa wakinyamaza wakaanza kusema. Sekunde 3 hazihitaji bajeti ya wizara.

Nawaambia pia wakufunzi mlioko vyuoni: msimpe mwanachuo alama kwa sauti yake na mwandiko wake peke yake. Mwishoni mwa kipindi, waiteni watoto watatu, muwaulize walichosikia. Wakishindwa, mwambieni mwanachuo wenu ukweli siku hiyo hiyo, kabla hajapata cheti. Mimi sikufanya hivyo, na sasa sina darasa la kurudi kusahihisha.